Ovalodi ya mota: kwa nini kinu huungua ilhali kinga ipo

Alizeti na mahindi yakishavunwa, vinu vya kusaga na mashine za kukamua mafuta za Dodoma na Singida huingia kwenye miezi ya kazi nzito, na ndipo meza za mafundi wa kusuka mota hujaa. Mwenye mashine akiulizwa kilichotokea, jibu huwa karibu lilelile: umeme ulikatika, uliporudi ulirudi na nguvu, mota ikaungua. Akiulizwa kama alikuwa na kinga, hushangaa kwa nini anaulizwa, kwa sababu kwenye bodi yake kuna breka kubwa, na chini ya kontakta kuna ovalodi aliyoinunua kwa fedha yake. Kinga ilikuwapo na mota imeungua, kwa hiyo lawama zote huangukia umeme.

Ipo siku lawama hiyo huwa ya haki, lakini siku nyingi zaidi kinga ilikuwa ya mota nyingine, au ilipangwa kwa namba isiyo yake, au ilikuwa ikilinda jambo tofauti na lile lililoiua mota. Ili tuelewane, tuanze na maneno yenyewe.

Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, nao hupimwa kwa ampia. Fezi ni mmojawapo wa nyaya tatu zinazoleta umeme wa njia tatu, ambao kwetu huwa na volti 400 kati ya fezi moja na nyingine. Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na koili yake ndogo: koili ikipata umeme mota inawaka, ikikosa umeme mota inazima. Breka ni swichi inayokata yenyewe nyaya zinapogusana au mkondo unapozidi uwezo wa waya. Ovalodi, ambayo vitabuni huitwa rilei ya joto, ni kile kiboksi kinachoning'inia chini ya kontakta, chenye kidude cha kuzungusha kwa bisibisi kilichoandikwa namba za ampia, pamoja na vitufe vidogo: cha kuzima, cha kurudishia na cha majaribio.

Ndani ya kiboksi hicho mna vipande vitatu bapa, kimoja kwa kila fezi, na kila kipande kimetengenezwa kwa metali mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo. Metali moja hutanuka kuliko nyingine inapopata joto, kwa hiyo kipande kizima hujipinda. Mkondo unaokwenda kwenye mota hupitia hapo kwanza na kukipasha; ukizidi kwa muda wa kutosha, kipande hujipinda hadi kusukuma kijiti, na kijiti hufungua njia nyembamba ya umeme inayolisha koili ya kontakta. Kontakta huachia, mota huzima. Msomaji aone kwamba ovalodi yenyewe haikati umeme wa mota. Kazi yake ni kuiamuru kontakta ikate.

Anayepika wali kwa makaa hafunui sufuria kila dakika. Hutazama moto ulio chini, hukumbuka amefunika tangu lini, na kwa hesabu hiyo hujua wali umefika wapi. Ovalodi hupika kwa namna hiyohiyo. Haijui koili za ndani ya mota, yaani nyaya zilizosukwa humo, zina joto gani, kwa kuwa haijawahi kuingia humo. Inatazama mkondo na muda, kisha inakadiria. Makadirio yake huwa mazuri mradi joto lote linatokana na mkondo na mota inapoa kama mtengenezaji alivyokusudia. Lakini mtu akija akapalia makaa juu ya kifuniko bila mpishi kujua, wali utaungua huku mpishi akiapa kwamba bado haujaiva. Kwa sababu hiyo, anayechagua kinga ya mota ana swali moja la kujiuliza kabla ya mengine yote: joto linaloweza kuiua mota hii litaonekana kwenye mkondo, au halitaonekana?

Tuchukue mota ya kinu ya kilowati 15, ukubwa ulio wa kawaida sana katika vinu vyetu. Kwenye kibati chake, kile kipande cha bati chenye maelezo ya mota, itakuwa imeandikwa karibu ampia 28.5 kwa volti 400. Inapoanza kuzunguka, mota ya namna hii huvuta mkondo mara tano hadi nane ya huo kwa sekunde chache, kwa hiyo breka yake lazima iwe kubwa kiasi cha kuvumilia mwanzo huo, tuseme ya ampia 50. Sasa mahindi yamemiminwa kwa pupa, beringi zimeanza kukauka, na mota inavuta ampia 40 kutwa nzima. Breka ya 50 haina sababu ya kukata, kwa kuwa waya wake uko salama. Ndani ya mota, hata hivyo, joto la koili hukua kwa mraba wa mkondo: ampia 40 badala ya 28.5 ni joto karibu maradufu. Breka imefanya kazi yake ya kulinda waya, na mota inaungua mbele yake. Ndiyo maana usemi kwamba "breka yangu ni kubwa, kwa hiyo niko salama" umekaa kinyume: kadiri breka inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyochelewa kuona uchovu wa mota.

Ovalodi huchaguliwa kwa kibati cha mota, wala si kwa breka au kwa unene wa waya. Kila ovalodi ina masafa yake, kwa mfano 12 hadi 18, au 23 hadi 32, na namba ya kibati inapaswa kuangukia ndani ya masafa hayo, ikiwezekana mbali na ncha zake. Kwa mota yetu inayowashwa moja kwa moja, ovalodi ya 23 hadi 32 inafaa, nayo hupangwa kwenye 28.5. Hakuna haja ya kuongeza "kidogo cha akiba", kwa sababu akiba tayari imo: ovalodi iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa haitakata mkondo ukizidi kwa asilimia 5, bali hukata ndani ya saa mbili ukizidi kwa asilimia 20. Anayeipandisha tena kwa asilimia 20 ili isimsumbue anairuhusu mota ipate joto la asilimia 44 zaidi bila kukemewa, na hapo hatujahesabu akiba iliyokuwamo. Kwa kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mafundi, kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango hupunguza maisha ya vanishi ya koili, ile rangi inayozuia nyaya zake zisigusane, kwa nusu.

Palipo na stata ya nyota-delta, yaani kiwashio kinachoanzisha mota koili zake zikiwa zimeungwa kwa nyota ili ivute mkondo mdogo, kisha kuzigeuza kuwa delta kwa kazi, mambo hugeuka, na hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko pengine popote, likiwemo la kwangu mwenyewe nilipokuwa kijana kazini. Katika stata ya namna hii ovalodi kwa kawaida hufungwa chini ya kontakta kuu, kwenye nyaya zinazoingia moja kwa moja kwenye koili. Mota ikiwa kwenye delta, mkondo wa waya mkuu hugawanyika kwenye koili mbili, na kila koili hupata asilimia 58 tu ya mkondo huo. Kwa hiyo ovalodi iliyokaa hapo huona 28.5 mara 0.58, yaani ampia 16.5 hivi. Inayohitajika ni ya 12 hadi 18, ipangwe kwenye 16.5.

Mimi niliisoma 28.5 kwenye kibati, nikanunua ya 23 hadi 32, nikaipanga kwenye 28.5 na kuondoka nimeridhika. Kwa mpango huo ovalodi ilikuwa inasubiri waya mkuu uvute karibu ampia 49 ndipo ianze kuhisi lolote. Mota ilidumu wiki chache. Ilipofunguliwa, koili zote tatu zilikuwa nyeusi kwa usawa, vanishi imekauka na kuwa kama maganda ya kitunguu yaliyoungua, na mzee aliyekuwa akinifundisha kusuka akauliza swali moja tu: "Kijana wangu, ovalodi uliifunga juu au chini?" Vibati vingine humsaidia fundi kwa kuandika namba mbili, volti 400/690 na ampia 28.5/16.5, lakini namba ya pili imeandikwa kwa ajili ya muunganisho wa nyota kwenye volti 690. Kwamba inalingana na mkondo wa koili kwenye delta ni jambo la hesabu, na fundi anapaswa kujua kwa nini anaitumia.

Anayeifunga juu, kwenye waya mkuu kabla ya kontakta zote, ataipanga kwenye 28.5, na mota ikiwa kwenye delta atakuwa sahihi. Lakini siku ambayo taima ya kuhamisha nyota kwenda delta itakwama na mota ibaki kwenye nyota, mkondo wote wa waya utapita kwenye koili moja moja, na koili zilizozoea 16.5 zitapewa ruhusa ya 28.5. Mimi hupendelea chini.

Baada ya ukubwa huja subira. Ovalodi hutengenezwa kwa madaraja, na namba ya daraja hueleza inavumilia kwa muda gani mota ikikwama kabisa, hali ambayo hupimwa kwa mkondo wa mara 7.2 ya ule uliopangwa. Ya daraja la 10 hukata kati ya sekunde 4 na 10, ya 20 kati ya 6 na 20, ya 30 kati ya 9 na 30. Kinu kinachowashwa kikiwa kitupu hufika mwendo wake mapema, na daraja la 10 linakitosha. Kinu chenye nyundo nzito na puli kubwa, au feni ya kupulizia pumba, huweza kuchukua sekunde zaidi ya kumi kukolea. Hapo daraja la 10 litakata kila asubuhi, na dawa yake ni daraja la 20, mradi mota yenyewe imetengenezwa kuvumilia mwanzo mrefu hivyo. Wengi badala yake hupandisha ampia. Mashine itawaka, ni kweli, lakini ovalodi imefanywa kipofu kwa siku nzima ili inyamaze kwa sekunde tano za asubuhi.

Sasa turudi kwenye umeme "uliorudi na nguvu". Yapo mambo mawili ambayo mara nyingi hujificha nyuma ya maneno hayo. La kwanza ni kwamba umeme ulikatika kinu kikiwa kimejaa mahindi, na swichi iliachwa ikiwa imewashwa. Uliporudi, mota ilitakiwa kuanza ikiwa na mzigo mzima tumboni, jambo ambalo isingefanyiwa hata na mwenye kinu mzembe. Stata ya vitufe, ambayo haiwaki mpaka mtu abonyeze, inamaliza tatizo hilo bila gharama kubwa.

La pili ni kwamba ulirudi kwa fezi mbili. Mota iliyosimama haiwezi kuanza kwa fezi mbili. Huunguruma mahali pamoja na kuvuta mkondo mkubwa. Iliyokuwa tayari inazunguka huendelea, huku mkondo kwenye fezi zilizobaki ukipanda hadi karibu mara 1.7 kama mzigo haujapunguzwa. Fundi wa kusuka huutambua ugonjwa huu bila kuuliza, kwa kutazama koili: kwenye mota ya nyota mafungu ya fezi mbili huwa meusi na la tatu linang'aa kama lilivyosukwa, kwenye delta fungu moja ndilo huwa limeteketea na mawili yamenusurika. Ovalodi nyingi za sasa zina kijiti cha ziada kinachogundua kwamba kipande kimoja kimepoa wakati viwili vimejipinda, nazo hukata mapema zaidi. Za zamani au za bei ya kutupa hazina. Muuzaji aulizwe hilo kabla ya bei. Kijiti hichohicho ndicho humtesa anayeifunga ovalodi ya aina hii kwenye mota ya njia moja na kuacha tundu moja tupu: itakata bila kosa, mpaka waya upitishwe kwenye vipande vyote vitatu kwa mfululizo.

Kinyume chake, ovalodi inayokata jioni, volti zinaposhuka kwa sababu mtaa mzima umewasha vitu vyake, haina ubovu wowote. Mahindi ni yaleyale na kazi ni ileile. Volti zikipungua, mota hufidia kwa kuongeza ampia. Klampu mita ya kushika waya mmoja mmoja itaonyesha hivyo kwa dakika moja, na huenda ikaonyesha pia kwamba fezi moja inavuta zaidi ya nyingine, kwa kuwa tofauti ndogo ya volti kati ya fezi huzaa tofauti ya ampia iliyo kubwa mara kadhaa.

Yote hayo bado yanaonekana kwenye mkondo. Kuna joto lisiloonekana, nalo kwetu ni jingi. Kiangazi cha Dodoma kina vumbi, na kinu kina unga. Vikichanganyika na mafuta ya beringi hugandamana kati ya mapezi ya mota, yale matuta ya nje yanayoipoza, na kwenye kifuniko cha feni ya nyuma mpaka mota ivae blanketi. Mkondo ni uleule wa 28.5, ovalodi imetulia, na koili zinaiva. Ongeza chumba cha mabati kisicho na dirisha. Vibati vingi vya mota vimehesabiwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 na mahali pasipozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Dodoma uko juu ya mita 1,100, Singida karibu 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi na hupoza kidogo kuliko ya pwani. Kwa Dodoma tofauti hiyo peke yake ni ndogo, lakini juu ya chumba chenye joto na mapezi yaliyozibwa inakuwa makaa ya kupalia.

Kwa mota kubwa au ya thamani, na kwa ile inayowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa saa, dawa ni thamista: vihisi vidogo kama punje ya mtama vilivyozikwa ndani ya koili, kimoja kwa kila fezi, ambavyo hubadilika ghafla joto linapofika kikomo na kuiamuru rilei yake ikate. Hapo mpishi ameingiza kijiko ndani ya sufuria. Kuvipachika mota ikiwa inasukwa upya ni rahisi, na ni wakati ambao mwenye mota hana budi kuuliza. Vilevile mota inayoendeshwa kwa inveta ya kubadili mwendo inavihitaji ikipunguzwa mwendo kwa muda mrefu, kwa sababu feni yake imefungwa kwenye shafti ileile na hupunguza upepo pamoja nayo.

Pampu za kuzamishwa kisimani, kama zile za visima virefu vya Makutupora vinavyoulisha mji wa Dodoma maji, zina desturi yake. Mota yake ni nyembamba na hupozwa na maji yanayoipita, kwa hiyo ikikwama huungua upesi; ovalodi yake iwe ya daraja la 10 au ya haraka zaidi, tena ya aina isiyodanganywa na joto la bodi iliyoko juani. Lakini maji yakishuka chini ya pampu, mkondo haupandi. Unashuka, kwa kuwa hakuna cha kusukuma, na hata ovalodi bora kuliko zote itaiona mota hiyo kuwa imepumzika. Kisima kinachoweza kukauka kinahitaji vihisi vya maji, au rilei inayokata mkondo unapopungua.

Kitufe cha kurudishia kinastahili maneno machache. Vile vipande vya metali hupoa kwa dakika chache. Mota ya kilowati 15 huchukua nusu saa na zaidi. Anayerudishia mara tatu mfululizo anamlazimisha mpishi asahau kwamba sufuria bado ya moto. Na kwenye kinu, ambako mtu huingiza mkono kutoa mahindi yaliyokwama, swichi ya kuchagua kurudi kwa mkono au kujirudia yenyewe ibaki kwenye mkono daima.

Ukishachagua na kupanga, jaribu. Mota ikiwa inazunguka bila mzigo, bonyeza kitufe cha majaribio cha ovalodi. Inapaswa kuzima papo hapo. Niliitwa hivi karibuni kwenye mashine ya alizeti ambayo mota yake ilikuwa imesukwa mara mbili kwa mwaka. Ovalodi ilikuwa ya ukubwa sahihi, daraja sahihi, imepangwa pale hasa ilipopaswa kupangwa. Nilibonyeza kitufe, kikalia "tak", na mota ikaendelea kuzunguka. Waya wa koili ya kontakta ulikuwa umepelekwa moja kwa moja kwenye kitufe cha kuzimia, na skrubu namba 95 na 96 za ovalodi, yaani ile njia nyembamba ambako ulipaswa kupitia, zilikuwa hazijawahi kuguswa na bisibisi tangu zitoke dukani.